Bandari ya Kilwa: hesabu ya magogo isirudiwe kwa samaki

Mfanyabiashara anayenunua ufuta Kilwa haulizi habari za mazingira. Anauliza bei ya mnada, nauli ya lori na siku ambayo mzigo utafika Dar es Salaam. Mambo ya mikoko, vyanzo vya mito na mazalia ya samaki huyaachia wataalamu, wahisani na maofisa wa wilaya. Safu hii haimlaumu, kwa kuwa biashara ni hesabu, na jambo lisilo na tarakimu huwa gumu kuingia kwenye daftari.

Lakini mwanzoni mwa Mei 2024 jambo hilo liliingia kwenye daftari bila kupiga hodi. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kulegeza udongo, kisha kikaja kimbunga Hidaya. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika sehemu kadhaa ndani ya wilaya ya Kilwa. Mabasi na malori yalikwama kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na haraka alitakiwa azunguke kupitia Iringa, Songea na Masasi, safari inayozidi mara mbili umbali wa njia ya kawaida. Hayo yalitokea wakati minada ya ufuta ya mikoa ya kusini ilikuwa inakaribia kufunguliwa.

Hatusemi kwamba ukataji miti ndio uliovunja makalavati. Kimbunga ni kimbunga, na mvua nyingi namna ile ingesumbua hata nchi tajiri. Tunachosema ni kwamba hali ya mazingira na hali ya miundombinu ni gharama za biashara kama zilivyo dizeli na magunia. Tofauti ni kwamba dizeli inalipwa kila siku kidogo kidogo, na hizi nyingine hulipwa siku moja, zote kwa mkupuo, na anayelipa ni yule ambaye mzigo wake uko barabarani siku hiyo.

Swali la wiki hii ni nani alipe mapema, na alipe kwa njia gani. Wengi wetu tumezoea kulijibu kwa ushabiki: wapo wanaosema serikali ifanye kila kitu, na wapo wanaosema ikae pembeni, soko huria litajirekebisha lenyewe. Pwani ya Kilwa imeyajaribu yote mawili katika miaka 20 na kitu iliyopita, na matokeo yake yapo wazi kwa kila anayetaka kuyapima. Ni vizuri kuyapima sasa, kwa sababu bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2023 na ambayo gharama yake ilitangazwa kuwa shilingi bilioni 266, inakuja kubadili biashara ya mwambao wote, kuanzia Somanga mpaka Kiswere na kwingineko.

Daraja lililofungua msitu

Mfano wa kwanza ni wa sekta ya umma. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji. Lina urefu unaokaribia kilomita moja, na kabla yake watu na magari walikuwa wakisubiri kivuko, wakati mwingine kwa siku nyingi mto ulipofurika. Hakuna mtu mwenye akili timamu wa kusini anayelalamikia daraja lile. Lilikuwa haki ya watu wa Kilwa, Lindi na Mtwara, na lilichelewa.

Pamoja na hayo, daraja lilifungua njia pande zote mbili. Bidhaa za madukani zilishuka kusini, na magogo ya mninga, mkongo na mpangapanga yakapanda kaskazini kwenda bandarini. Sheria ya kulinda misitu ilikuwapo, tena mpya, ya mwaka 2002. Maofisa misitu walikuwapo, vizuizi vya barabarani vilikuwapo, na mihuri ilikuwapo. Kati ya mwaka 2004 na 2006 serikali ilipiga marufuku uvunaji na usafirishaji wa magogo kwa nyakati mbalimbali. Hata hivyo taarifa ya shirika la TRAFFIC iliyochapishwa mwaka 2007 ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya mrabaha yaliyopaswa kukusanywa yalikuwa yanapotea, na kwamba hasara ya taifa ilifikia dola za Marekani milioni 58 kwa mwaka. Taarifa hiyo ilionyesha pia kwamba mazao ya misitu ambayo China iliandika kuyapokea kutoka Tanzania mwaka 2004 yalikuwa mara kumi ya yale ambayo Tanzania iliandika kuyauza.

Mfanyabiashara aisome tarakimu hiyo kama anavyosoma daftari la duka lake. Duka linaloandika gunia moja wakati wateja wamebeba magunia kumi halina tatizo la sera. Lina tatizo kwamba mlinzi wa ghala halipwi na ghala, analipwa na mlango. Mwanakijiji aliyeishi karibu na mti ule alipata fedha kidogo mno kwa kuukata na hakupata chochote kwa kuuacha. Kwa hesabu hiyo, kuukata ilikuwa biashara nzuri kuliko kuulinda, hata kama faida ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha.

Mwekezaji wa mibono

Mfano wa pili ni wa sekta binafsi. Kati ya mwaka 2006 na 2008, dunia ilipokuwa na hamu kubwa ya mafuta yatokanayo na mimea, kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilikuja Kilwa kutaka ardhi ya kulima mibono. Lugha yake ilikuwa ya mazingira: nishati safi, kupunguza hewa chafu, ajira kwa vijana. Ilipata hekta zinazokaribia 34,000 katika vijiji vinne vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa na misitu ya asili.

Fidia ilipolipwa, asilimia 60 ilichukuliwa na halmashauri ya wilaya na asilimia 40 ikaenda kwa vijiji vyenye ardhi. Ili mwekezaji apewe hati, ardhi ya kijiji ilibidi ihamishwe na kuwa ardhi ya kawaida. Mwaka 2010 kampuni ilifilisika. Mibono haikutoa mafuta yaliyotarajiwa, mitaji ya Ulaya ilikauka baada ya msukosuko wa fedha duniani, na vijiji vikabaki na swali gumu: ardhi iliyokwisha kutoka mikononi mwao kisheria itarudi kwa njia gani?

Hatusemi hivi ili kuwafukuza wawekezaji. Nchi hii inahitaji mitaji, na pwani ya kusini inaihitaji zaidi. Somo ni jingine. Mradi unaweza kuvaa kanzu ya mazingira na ukawa na kasoro ile ile ya biashara ya magogo, yaani mtu aliye karibu na mali analipwa mara moja, tena kidogo, kisha hana hisa tena katika mali ile. Mwenye hisa hukesha usiku akiwaza kampuni yake. Aliyekwisha kulipwa akaondoka hulala usingizi.

Kikole na Kisangi

Mfano wa tatu unatoka wilaya hiyo hiyo, wala hauna mbwembwe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu katika ardhi yake, kuutungia mpango wa uvunaji na kubaki na mapato yake. Kwa msaada wa asasi ya kuhifadhi mpingo yenye makao yake Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi viliufuata utaratibu huo. Mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, jambo ambalo lilikuwa la kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe.

Mpingo ni mti unaotengenezewa zumari na filimbi za wanamuziki wa Ulaya. Thamani yake iko juu sana, na kwa miaka mingi kijiji hakikuonja thamani hiyo. Kijiji kilipokuwa muuzaji kisheria, mnunuzi alilazimika kuja ofisini kwa kijiji, mti ukapimwa, fedha zikaingia kwenye akaunti ya kijiji. Vijiji vingine vya Kilwa, kikiwamo Nanjirinji, vilifuata. Fedha zilijenga madarasa, nyumba za watumishi na visima. Jambo la maana zaidi kwa mfanyabiashara ni hili: doria za msitu zilianza kulipwa kutokana na mauzo ya msitu wenyewe.

Mpango huu una udhaifu wake, na si haki kuuficha. Wanunuzi ni wachache, na mwaka ambao hawaji kijiji hakina mapato lakini doria inaendelea kuhitaji fedha. Kanuni za mwaka 2019 ziliongeza masharti na vibali, na mnunuzi aliyeona usumbufu alikwenda kununua penye wepesi zaidi. Kamati za vijiji nazo zina watu kama kamati nyingine zote, na penye fedha mikono huwasha. Lakini ukilinganisha na asilimia 96 iliyopotea wakati wa magogo, kasoro za Kikole ni za biashara halali inayotafuta soko. Hizo zinatibika.

Tofauti ya mifano hii mitatu, basi, haipo kati ya umma na binafsi. Serikali ilikuwapo katika yote, na wanunuzi binafsi walikuwapo katika yote. Tofauti ni kama fedha inayotoka katika mali inarudi kumlipa anayeilinda, na kama inarudi kila mwaka au mara moja tu.

Bahari haina mita

Sasa tuje baharini, ambako ndiko mchezo unakoelekea. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko inakusudiwa kupokea meli za uvuvi za bahari kuu pamoja na kuwahudumia wavuvi wetu kwa gati, barafu na vyumba vya baridi. Kwa muuza samaki hii ni habari njema. Samaki wengi wa mwambao huu huuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu jua ni kali na barafu ni adimu. Mwenye barafu ana nguvu ya kusubiri bei, na asiye nayo anauza kabla ya adhuhuri.

Lakini tukumbuke daraja. Barabara, daraja na bandari haviumbi mali. Vinaifikia. Bandari itakapozoeleka, mnunuzi mwenye gari la baridi atafika kwenye ghuba ambazo leo zinafikiwa na wachuuzi wa baiskeli na pikipiki. Kiswere ni mojawapo. Zamani, katika enzi za biashara ya sandarusi na mpira wa porini, jina la Kiswere lilitajwa pamoja na Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani. Ghuba yake ni kimbilio la vyombo wakati wa kusi, na kusini kidogo ya hapo mto Mbwemkuru unamwaga maji yake baharini. Mikoko ya ghuba za namna hii ndiyo kitalu cha kamba na samaki wadogo. Wilaya ya Kilwa ina zaidi ya hekta 20,000 za mikoko, na yote ni hifadhi ya serikali kwa mujibu wa sheria, kama misitu mingi iliyokatwa ilivyokuwa hifadhi kwa mujibu wa sheria.

Kuhusu ulinzi wa bahari, kusini tuna historia ya kujifunzia. Katika miaka ya 1990 wavuvi wa Lindi na Mtwara, wakichoshwa na baruti, waliunda Shirikisho lao, wakapiga kelele mpaka serikali ikatuma Jeshi la Wanamaji. Baruti zikapungua. Doria zilipolegea baruti zikarudi katika miaka ya 2000, na ilibidi ianze operesheni nyingine ya vyombo vingi vya dola baada ya mwaka 2015 ndipo milipuko ikapungua tena. Operesheni inafanya kazi, hilo halina ubishi. Tatizo la operesheni ni kwamba ina bajeti yenye mwisho, na mwenye baruti anajua kusubiri.

Linganisha na pweza. Huko Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004 wavuvi walianza kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Pweza hukua haraka mno, hivyo mwamba unapofunguliwa uzito na bei vyote vimepanda. Utaratibu huo umefika Songosongo na Somanga. Mvuvi anayefunga mwamba wake leo akijua atauza pweza wakubwa baada ya miezi mitatu haitaji askari wa kumfukuza. Yeye ndiye askari. Lakini mnunuzi mmoja tu akija na fedha taslimu kununua pweza wadogo wakati mwamba umefungwa, kazi yote ya kijiji inaharibika kwa siku moja.

Hapo ndipo sekta binafsi inapoingia, na hapo ndipo wasomaji wa ukurasa huu wanapohusika. Mamlaka ya maji ina mita kwa kila mteja. Bahari haina mita, ila ina mzani, na mzani utakuwa gatini Kilwa Masoko. Kila kilo itakayopita pale itaonekana. Safu hii inapendekeza mambo matatu.

Kwanza, sehemu maalumu ya ushuru wa samaki utakaokusanywa bandarini itengwe kwa sheria ndogo ya halmashauri na ipelekwe kwenye vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile vinavyojulikana kama BMU, katika vijiji vyenye mikoko na miamba ya mazalia. Isiwe tozo mpya. Wafanyabiashara wamechoka na tozo, na wana haki ya kuchoka. Iwe ni mgawo wa ushuru uliopo, na kiasi kilichopelekwa kila kijiji kibandikwe kwenye mbao za matangazo ili mvuvi wa Kiswere akisome kama anavyosoma matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Pili, leseni ya mnunuzi mkubwa iwe na sharti la kuheshimu miamba iliyofungwa na uzito wa chini wa pweza uliowekwa na kanuni za uvuvi. Anayevunja anyimwe huduma ya gati na barafu. Adhabu hiyo inauma kuliko faini, na haihitaji kesi ya miaka mitatu.

Tatu, barabara itakayobeba samaki hao ipewe mikataba ya matengenezo ya muda mrefu, mitaro na makalavati yakaguliwe kabla ya masika, si baada yake. Mfuko wa Barabara ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998 kwa wazo sahihi kabisa, kwamba kila lita ya mafuta ichangie barabara inayotumiwa. Wazo hilo hilo ndilo tunaloliombea bahari.

Kwa wenye mitaji midogo

Kuna wanaosema mambo haya ni mazuri ila fedha hazipo. Takwimu za soko zinakataa. Mwaka 2023 hatifungani ya kijani ya benki ya CRDB ilitafuta shilingi bilioni 40 na ikapata zaidi ya bilioni 171. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitafuta bilioni 53.12 kwa hatifungani ya kijani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5, ikapata zaidi ya ilichoomba. Hatifungani ya miundombinu ya CRDB, iliyozinduliwa Novemba 2024 kwa ajili ya makandarasi wa barabara za TARURA, ilitafuta bilioni 150 na kukusanya zaidi ya bilioni 320. Wananchi wa kawaida walishiriki, kwa kuwa kiwango cha chini cha hatifungani hizo za CRDB kilikuwa shilingi 500,000. Fedha zipo. Zinachotafuta ni mradi unaoeleweka.

Kwa hiyo msomaji anayeletewa karatasi ya mradi wowote wa mwambao, uwe wa kilimo cha mwani, ufugaji wa kamba, hewa ya ukaa ya mikoko au hoteli, asiangalie picha za jalada. Aulize maswali manne. Ardhi au maji hayo ni ya nani kisheria, na yatakuwa ya nani mradi ukifa? Fedha ya mauzo inapitia mkono gani kwanza? Aliye jirani na mali analipwa mara moja au kila mwaka? Na kitu kikiharibika kwa mvua, nani ana bajeti ya kukitengeneza? BioShape ingeulizwa maswali hayo na wanahisa wake mwaka 2007, huenda baadhi yao wangebaki na fedha zao, na vijiji vinne vingebaki na ardhi yao.

Wakubwa wa Kilwa na wa wizara wana muda wa kuandika sheria ndogo kabla biashara ya gatini haijapata wenyewe. Biashara ikishakomaa, kila mwenye sehemu yake ataitetea, na mvuvi wa Kiswere atakuwa amechelewa foleni. Magogo yalipita darajani kwa miaka kadhaa kabla hesabu haijapigwa. Kwa samaki, hesabu ipigwe siku ya kwanza, mzanini.